Kubana mchanga bila kuurusha: mwongozo kamili wa hali ya kwasistatiki katika uigaji wa DEM

Jaribio la traiaksia la mchanga, yaani kubana sampuli pande zote kisha kuibonyeza kutoka juu, halina haraka. Mashine ikishuka kwa asilimia 1 ya kimo cha sampuli kila dakika, unaweza kuiwasha, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta bado inabonyeza. Ukitaka kuliiga jaribio hilo kwenye kompyuta punje kwa punje, kwa mbinu iitwayo DEM (Discrete Element Method), kwa kasi ileile, utahitaji hatua za hesabu zaidi ya bilioni 3 hadi sampuli ipoteze asilimia 20 ya kimo chake. Kwa punje 10,000 tu, kompyuta ya mezani inaweza kuhangaika karibu mwaka mzima. Ndiyo maana kila mtu huongeza kasi. Swali ni uongeze hadi wapi kabla punje hazijaanza kurushwa badala ya kusukumwa.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekwisha kusakinisha programu yake (YADE, LAMMPS, LIGGGHTS, PFC, yoyote ile), ameona mipira ikianguka kwenye sanduku, na sasa anataka matokeo atakayoweza kuyatetea mbele ya msimamizi wake. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mchanga wa punje za milimita 1, densiti ya kilo 2,650 kwa mita ya ujazo, umebanwa pande zote kwa shinikizo la kilopaskali 100, halafu unabonyezwa kutoka juu.

DEM haijui kutulia

Mbinu hii ilielezwa na Peter Cundall na Otto Strack mwaka 1979 katika jarida la Géotechnique, na kiini chake hakijabadilika. Kila punje ni mwili unaojitegemea. Punje mbili zikigusana huruhusiwa kuingiliana kidogo, na kiasi cha kuingiliana huko ndicho kinachozaa kani. Kani zote za punje hujumlishwa, sheria ya pili ya Newton inatoa mchapuko, mchapuko unatoa kasi, kasi inatoa mahali papya, kisha tunaanza upya.

Hakuna mahali katika mzunguko huo panaposema "sasa mfumo umetulia". Kwa DEM, mchanga uliokaa kimya na mchanga unaomwagika kutoka kwenye lori ni hesabu moja. Hali ya kwasistatiki, yaani mwendo wa polepole kiasi kwamba kila wakati kani zinakaribia kusawazika na inesha (ukaidi wa punje kubadili mwendo wake) haina sauti, hupatikana kwa kuchagua vigezo. Programu haitakuonya ukiikosa. Itakuchorea mchoro mzuri tu.

Namba mbili kabla ya kugusa kibodi

Ya kwanza ni namba ya inesha, I:

I = kasi ya mbonyeo × d × √(ρ/P)

Mbonyeo hapa ni sehemu ya kimo iliyopotea, kwa hiyo kasi yake hupimwa kwa "kwa sekunde". d ni kipenyo cha punje, ρ ni densiti ya punje yenyewe (si ya rundo lenye matundu), na P ni shinikizo. Ukiitazama vizuri, fomula inalinganisha nyakati mbili. Kipande cha d√(ρ/P) ni muda ambao shinikizo linahitaji ili kuisukuma punje iliyoinuka irudi kwenye shimo lake. Kinyume cha kasi ya mbonyeo ni muda ambao sampuli inahitaji kubadilika umbo. Muda wa kwanza ukiwa mdogo sana kuliko wa pili, punje huwa imekwisha kukaa sawa kabla jirani zake hawajahama.

Kundi la watafiti linalojulikana kama GDR MiDi lilikusanya majaribio na uigaji wa mitiririko mingi mwaka 2004, na namba hii ikazoeleka tangu hapo. Kwa desturi, chini ya 0.001 tunasema ni kwasistatiki. Kati ya hapo na takriban 0.1 ni mtiririko mzito. Juu zaidi punje zinagongana kama molekuli za gesi.

Je, mpaka wa 0.001 ni mtakatifu? Hapana. Chukua fomula ya msuguano waliyoitoa Jop, Forterre na Pouliquen mwaka 2006 kwa shanga za kioo. Ukiweka I ya 0.001, msuguano wa jumla unapanda kwa karibu robo ya asilimia tu juu ya ule wa mwendo wa polepole kabisa. Kwa 0.01 unapanda kwa asilimia 2 na kitu. Kwa 0.1 ni kama asilimia 18. Maana yake ni kwamba I huchaguliwa kulingana na kosa unaloweza kulivumilia. Kwa pembe ya msuguano ya mwisho, 0.001 inatosha. Mimi hutumia 0.0001 kwa kazi ya kuchapishwa, kwa sababu kilele cha mkazo na mabadiliko ya ujazo ni vitu vyepesi kukasirika.

Sasa mfano wetu. √(2,650/100,000) ni takriban 0.163, na ukizidisha kwa mita 0.001 unapata sekunde 0.000163. Kwa I ya 0.0001, kasi ya mbonyeo inayoruhusiwa ni karibu 0.61 kwa sekunde. Soma tena: asilimia 61 kwa sekunde! Jaribio zima la asilimia 20 linakwisha kwa theluthi moja ya sekunde, na bado ni kwasistatiki. Lile la maabara lina I ya takriban 0.00000003. Kwa hiyo tumeharakisha kuliko maabara mara zaidi ya elfu tatu bila kuiharibu fizikia, kwa kuwa maabara ilikuwa imetulia kupita mahitaji.

Namba ya pili ni ukakamavu, κ. Kwa miguso ya springi ya mstari ni κ = k/(P·d), ambapo k ni ukakamavu wa springi. Inaeleza punje ni ngumu kiasi gani ukilinganisha na shinikizo: kuingiliana kwa kawaida kati ya punje mbili ni karibu sehemu 1/κ ya kipenyo. κ ya 1,000 ina maana punje zinaingiliana kwa elfu moja ya kipenyo, na hapo umbo la mpangilio wao halijui tena kama ni ngumu au ngumu zaidi. κ ya 50 ni kubana viazi vilivyochemshwa. Kwa mfano wetu, κ ya 1,000 inatupa k ya niutoni 100,000 kwa mita.

Ukitumia miguso ya Hertz, ambayo hukakamaa zaidi kadiri punje zinavyobanwa, κ ni (E/P) iliyopandishwa kwa kipeo cha 2/3, ambapo E ni ukakamavu wa nyenzo ya punje yenyewe, ukipuuza kipengele cha Poisson. Kwa E ya gigapaskali 70, kiwango cha kwatzi halisi, κ inakaribia 8,000. Ukilainisha E mara mia, unabaki na takriban 370. Hiyo bado inavumilika kwa nguvu ya mchanga, ila si kwa ukakamavu wake wa mwanzo.

Gharama yako inategemea nini hasa

Hapa ndipo ningependa ukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopoteza wiki.

Hatua ya muda huchaguliwa kuwa Δt = β√(m/k), ambapo m ni tungamo la punje ndogo kabisa na β ni sehemu ya usalama, kati ya 0.1 na 0.2, kwa sababu punje moja huguswa na majirani kadhaa na springi zao hujumlishana. Kwa miguso ya Hertz watu hutumia asilimia 10 hadi 20 ya muda wa Rayleigh, yaani muda wa wimbi la uso kuipita punje. Ni wazo lilelile. Kwa mfano wetu √(m/k) ni sekunde 0.0000037, na β ya 0.1 inatupa Δt ya sekunde 0.00000037.

Sasa gawa muda wa jaribio kwa Δt, halafu weka I na κ mahali pa vigezo vingine. Densiti inajifuta. Kipenyo kinajifuta. Shinikizo linajifuta. Kinachobaki ni hiki:

idadi ya hatua ≈ mbonyeo ÷ (I × β) × √(1.9 × κ)

Kwa mbonyeo wa 0.2, I ya 0.0001, β ya 0.1 na κ ya 1,000, unapata hatua 870,000 hivi. Kwa punje 5,000 hadi 10,000, kazi hiyo ni ya saa chache au usiku mmoja.

Tazama basi ule ujanja maarufu wa kuongeza densiti. Ukizidisha densiti mara milioni, Δt inakua mara elfu, na unahisi umepata mtaji wa bure. Lakini I nayo imekua mara elfu. Ukiirudisha I ilipokuwa, lazima upunguze kasi mara elfu, na idadi ya hatua inabaki palepale. Niliwahi kufanya kosa hili nikiwa na imani kamili. Nilipandisha densiti mara milioni, nikaacha kasi ilivyo, I ikatoka 0.0001 hadi 0.1, na sampuli yangu ikaonyesha nguvu ya kupendeza kuliko ya maabara. Nikaandika kurasa mbili kuhusu jinsi punje zinavyopandiana. Kilichonizindua ni kani ya sahani ya juu kuwa kubwa kuliko ya sahani ya chini, jambo ambalo mchanga uliotulia hauwezi kulifanya.

Kuongeza densiti kuna mahali pake: punje ndogo chache zinapolazimisha Δt ndogo kwa sampuli nzima, unaweza kuzipa hizo tu tungamo zaidi. Na ukiwa na mvutano wa dunia, uzito lazima ubaki wa kweli hata tungamo likibadilika. Nje ya hapo, ukitaka kupunguza gharama una vishikio viwili tu: ongeza I kwa kiasi unachoweza kukitetea, au punguza κ. Cha kwanza kinalipa moja kwa moja. Cha pili kinalipa kwa kipeuo cha pili tu.

Kuandaa sampuli

Umewahi kumwona muuza mahindi akijaza debe? Akimimina tu, debe linajaa haraka. Mnunuzi akidai litikiswe, mahindi yanashuka na nafasi inapatikana. Mahindi ni yaleyale; historia ndiyo imebadilika. Mchanga wa kompyuta hauna tofauti.

Tawanya punje ndani ya sanduku bila kugusana, zikiwa na vipenyo vinavyotofautiana kidogo (plasi au minasi asilimia 20 inatosha kuzuia zisijipange kama matofali). Kisha zibane pande zote hadi shinikizo lifike. Ukizibana huku msuguano kati ya punje ukiwa sifuri, utapata sampuli iliyoshikamana sana. Ukizibana na msuguano wa juu, utapata iliyo legevu. Upana wa sanduku uwe angalau punje 15. Ukiweza kutumia mipaka ya mzunguko, ambako punje ikitoka kulia inaingia kushoto, tumia, maana kuta bapa hupanga punje kwa safu na kukuharibia pembezoni.

Namba ya inesha inahusu hatua hii pia. Sampuli iliyobanwa kwa kishindo hubeba kumbukumbu ya kishindo hicho katika mpangilio wa miguso yake.

Ukishafikia shinikizo, badilisha msuguano uwe wa jaribio (0.5 ni chaguo la kawaida), kisha usianze kubonyeza. Acha mfumo uendelee hadi utulie. Mimi husubiri uwiano wa kani isiyosawazika, yaani wastani wa kani halisi inayobaki kwenye punje ukigawanywa kwa wastani wa kani za miguso, ushuke chini ya 0.0001, na nishati mwendo ya kila punje iwe ndogo isiyo na maana mbele ya P·d³. Hesabu pia wastani wa miguso kwa punje, ukiziondoa punje zinazoelea bila kubeba mzigo. Kwa mipira isiyo na msuguano iliyobanwa katika vipimo vitatu, thamani hukaribia 6. Ukipata 3, sampuli yako haijashikana bado, hata kama mkazo kwenye kuta unaonekana sawa.

Ufifishaji: dawa yenye kipimo

Bila kitu cha kumeza nishati, springi zitacheza milele. Programu nyingi zina ufifishaji wa Cundall: kila punje hupewa kani kinyume cha mwendo wake, sawa na sehemu α ya kani halisi inayoisukuma. Katika PFC thamani iliyozoeleka ni 0.7, YADE huanza na 0.2. Njia nyingine ni kuweka mnato kwenye mguso wenyewe, ambao una mizizi zaidi katika fizikia ya kugongana.

Jua tu kwamba ufifishaji wa Cundall haubagui. Punje inayoanguka hewani nayo hufifishwa, hivyo kwa α ya 0.7 inachapuka kwa asilimia 30 tu ya mvutano wa dunia. Ukiiga mchanga unaomwagika kutoka kwenye silo na umeacha α hiyo, unaiga mchanga ndani ya uji. Kwa kubana polepole haina shida, na hapo kuna kipimo kizuri sana: endesha jaribio mara mbili, kwa α ya 0.1 na ya 0.7. Mikunjo miwili (mistari ya mkazo dhidi ya mbonyeo) ikilaliana, uko kwenye kwasistatiki. Ikiachana, inesha ina sauti, na α haitakuokoa, itaficha tu.

Kubonyeza

Usiwashe kasi yote mara moja. Ukuta uliosimama ukianza ghafla kwenda, unapeleka wimbi ndani ya sampuli. Ipandishe kasi taratibu hadi ifike thamani kamili ndani ya sehemu ya kumi ya asilimia moja ya mbonyeo, au hata zaidi.

Wimbi hilo linastahili hesabu yake. Muda linaotumia kuvuka sampuli, ukizidishwa kwa kasi ya mbonyeo, unakupa mbonyeo uliokwisha kupita kabla upande wa pili haujapata habari. Kwa kadirio ni I × (H/d) ÷ √κ, ambapo H ni kimo. Kwa kimo cha punje 20, I ya 0.0001 na κ ya 1,000, jibu ni takriban 0.00006. Kwa hiyo mtu anayesoma ukakamavu wa mchanga kwenye mbonyeo wa 0.00001 kutoka jaribio hili anasoma wimbi. Kama ukakamavu wa mwanzo ndio hoja yako, endesha kipande hicho peke yake kwa kasi ndogo mara mia moja. Ni kipande kifupi, hakitakugharimu. Kumbuka pia kwamba sampuli kubwa ina H/d kubwa, hivyo I iliyotosha kwenye sampuli ndogo huenda isitoshe hapo.

Kuta za pembeni zinapaswa kulinda shinikizo la kilopaskali 100 huku sampuli ikipanuka. Kidhibiti chake husogeza ukuta kwa kasi inayolingana na tofauti kati ya mkazo uliopimwa na unaotakiwa. Wekea kasi hiyo kikomo. Bila kikomo, ukuta utaigonga sampuli, utaruka nyuma, utagonga tena, na mchoro wako wa mkazo wa pembeni utafanana na meno ya msumeno. Kuyumba kwa asilimia 1 kunavumilika.

Kuthibitisha

Usitegemee kipimo kimoja. Uwiano wa kani isiyosawazika ukibaki chini ya 0.01 wakati wa kubonyeza ni ishara njema, chini ya 0.001 ni bora, lakini ni wastani, na wastani huficha kona moja inayoporomoka. Linganisha kani ya sahani ya juu na ya chini. Bila mvutano wa dunia zinatakiwa kuwa sawa. Linganisha mkazo uliopimwa kwenye kuta na ule unaojumlishwa kutoka kani za miguso ndani ya sampuli. Halafu fanya jaribio la kusimamisha: katikati ya kubonyeza, ondoa kasi ya ukuta na uache mfumo uendelee. Mkazo ukishuka kidogo tu na kukaa, vyema. Ukiporomoka, ulikuwa unapima mwendo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha kizamani: rudia jaribio zima kwa kasi mara kumi zaidi na mara kumi pungufu, kwenye sampuli ileile. Weka mikunjo mitatu ya mkazo na mitatu ya ujazo kwenye mchoro mmoja. Usiangalie mkazo peke yake, kwani ujazo huwahi kuachana kabla yake. Kama muda hautoshi kwa ile ya polepole, ifanye hadi kupita kilele tu.

Mahali ambapo polepole haisaidii

Namba I uliyoikokotoa ni ya wastani wa sampuli. Mchanga ulioshikamana ukishapita kilele, mbonyeo wote hukusanyika kwenye ukanda mwembamba wa unene wa punje 10 hadi 20. Sampuli ikiwa na kimo cha punje 60, kasi ndani ya ukanda ni mara tatu hadi sita ya wastani. I ya 0.0001 inavumilia hilo, ya 0.001 iko ukingoni.

Kesi ngumu zaidi ni sampuli legevu inayobonyezwa bila kuruhusiwa kubadili ujazo, yaani mfano wa mchanga uliojaa maji usiopata njia ya kuyatoa. Punje zinataka kushuka, haziwezi, na shinikizo kati yao linapungua. Kumbuka P iko chini ya mstari wa sehemu katika fomula. P ikishuka kutoka kilopaskali 100 hadi 1, I inakua mara kumi ilhali ukuta haujabadili kasi. P ikikaribia sifuri, I haina kikomo: mchanga umeyeyuka, na hakuna kasi ya ukuta itakayofanya hali hiyo iwe kwasistatiki. Miruko ya nishati mwendo utakayoiona hapo si kosa la vigezo, ni sampuli kweli inaporomoka. Chora I ya kila wakati pembeni ya mkunjo wa mkazo, na uweke alama mahali inapovuka 0.001. Kabla ya alama hiyo unaweza kuzungumzia nguvu ya mchanga. Baada yake, eleza kasi ya ukuta, α na mnato uliotumia, kwa sababu mkunjo wote kutoka hapo unazitegemea.